Wiski niliyoisifu Glasgow imebadilika Tanga. Nimeuziwa bandia?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwenyeji wa Chumbageni, kazi yangu ni kufunga mitambo, na inanizungusha sana: Cape Town, Dubai, na mwaka jana Glasgow. Kila ninapofika naonja wiski moja au mbili, naandika daftarini na kuipa alama juu ya kumi. Cape Town niliionja Bain's, nikaipa saba. Kuna moja ya miaka 12 niliyoipa nane kule Glasgow. Juzi nimenunua chupa yake Dar, nimeifungua nyumbani barazani, nikaona kama si yenyewe. Inawasha pua, utamu umekwenda. Nimeuziwa bandia? Na hizi nilizoonja kila moja nchi yake, nitazilinganishaje? Hata maneno ya kuzieleza nanakili ya Wazungu, kwa kuwa sina yangu. Bado nina kichupa kidogo cha mililita 50 cha ileile, nilichonunua Glasgow, sijakifungua. Nakutumia picha za lebo zote mbili."

Marahaba, mwanangu. Sehemu ya kwanza ya jibu imo kwenye picha zako mwenyewe. Ikuze lebo ya kichupa cha Glasgow, pale chini: asilimia 40. Sasa ikuze ya chupa ya Dar: asilimia 43. Jina ni lile, nembo ni ile, miaka ni ileile 12, lakini kilevi hakilingani. Sheria ya Uskoti inataka wiski yao isipungue 40, na viwanda vingi huko vinatia chupani kwa kipimo hichohicho. Afrika Kusini sheria inataka isipungue 43, kwa hiyo kinywaji kimoja kinaweza kutiwa maji kidogo zaidi kwa soko la Uskoti na kidogo pungufu kwa soko la Afrika Kusini, na huenda chupa yako ya Dar ilitengenezewa soko la namna hiyo. Tatu hiyo ni ndogo kwa macho, lakini pua inaijua. Basi kabla hujamshuku mwenye duka, jua kwamba ulichoonja Glasgow na ulichoonja nyumbani havikuwa sawa tangu kiwandani.

Bandia zipo, sikufichi. Angalia stempu ya TRA kama haijachanwa na kubandikwa upya, kizibo kama pete yake ilikatika ulipofungua wewe, na maandishi ya lebo kama yananyooka. Kwenye picha yako sioni kasoro. Ila picha haionji, kwa hiyo mwishoni nitakupa jaribio la kufanya mwenyewe.

Sababu ya pili ni joto. Chumba cha hoteli Glasgow kilikuwa na nyuzijoto kama 18 au 20. Baraza lako Tanga saa kumi na mbili jioni, msimu huu, halikosi 30. Mvuke wa pombe tupu kwenye nyuzijoto 30 unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa nyuzijoto 20. Ndiyo hiyo pua kuwasha. Kilevi kinatangulia kwenye glasi kama mgeni mwenye sauti kubwa, harufu laini za matunda na asali zinabaki nyuma yake, na wewe unasema utamu umekwenda. Haujakwenda, umefunikwa. Hapo tena kuna upepo wa bahari unaopeperusha kilichobaki, na kama nyumba ya jirani wamefukiza udi, umeshapoteza mchezo.

Nieleze ninakotoka, maana ndiko nitakakokutolea dawa. Nimekuwa mwonjaji wa chai kwa miaka 22 katika viwanda vya Usambara Mashariki, na sampuli zetu zilikwenda mnada wa Mombasa. Wiski nimeijia ukubwani, kwa njia ileile ya chai. Chumba cha kuonjea chai ukikiingia asubuhi unaweza kudhani ni zahanati: meza ndefu, dirisha linalopokea mwanga usiokuwa wa jua kali, birika ndogo nyeupe zimepangwa mstari mmoja, mbele ya kila birika bakuli nyeupe. Gramu mbili za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka. Dakika sita kwa saa, si kwa kukisia. Hakuna birika iliyopata dakika saba, hakuna bakuli la rangi. Unapita na kijiko, unafyonza kwa kishindo, unatema, unasogea. Chai ya jana inakaa kwenye mstari huohuo pamoja na ya leo, na mwanzo kabisa wa mstari kuna ile tuliyokwisha kuijua, ya kupimia nyingine zote.

Siku moja, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, tulikataa chai ya siku nzima kwa sababu ilinuka kama maua yaliyooza. Nilisaini mwenyewe. Baadaye nikagundua kuwa kijana mpya alikuwa ameosha mabakuli kwa sabuni ya manukato. Chai ilikuwa nzuri, nimeitupa mimi. Tangu hapo sikiamini kinywaji nilichokipa alama peke yake, bila kingine kando yake.

Na hiyo ndiyo kasoro ya daftari lako. Nane uliyoiandika Glasgow haikuwa ya wiski tu. Ilikuwa ya wiski, na ya baridi uliyotoka nayo nje, na chakula ulichokula, na kazi iliyokwisha salama, na glasi waliyokupa. Ile saba ya Cape Town nayo ilikuwa na mambo yake. Ukichukua nane hii na saba ile ukasema ya Glasgow imeshinda, umelinganisha jioni mbili. Hata mimi, pamoja na miaka yote hiyo, siwezi kuikumbuka harufu ya wiski ya mwezi uliopita kwa kiasi cha kuipambanisha na iliyo mbele yangu. Pua inatambua vizuri sana, lakini kukumbuka kwake ni kwa kubahatisha.

Mfanyabiashara wa soko la Mgandini hasemi mzigo huu ni mzito kwa sababu jana alibeba mwingine. Anaweka jiwe upande wa pili wa mizani. Wewe pia unahitaji jiwe lako. Chagua wiski moja unayoijua vizuri, isiyo ghali, inayopatikana popote, isiyo na moshi mwingi wala utamu mwingi. Tia mililita 50 kwenye kichupa, safiri nayo. Kila utakapoonja mpya, iwe Dubai au Dodoma, mimina kijiko cha jiwe lako kando yake, glasi mbili za namna moja, kisha uandike tofauti. Usiandike "nane". Andika "ina moshi kuliko jiwe, tamu kidogo kuliko jiwe, inakaa mdomoni muda mfupi kuliko jiwe". Baada ya safari tano utakuwa na maandishi yanayoweza kusemezana, hata kama wiski zenyewe hazikukutana. Na ikitokea siku hiyo jiwe lenyewe lina ladha ya ajabu, basi funga daftari ulale. Una mafua, au umechoka, au chumba kina harufu. Hiyo peke yake inatosha kukuokoa na hukumu nyingi za uongo.

Ulizoonja ndani ya ndege, zifute kabisa. Hewa ya ndani ya ndege imekandamizwa kufikia hali ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani juu kuliko Lushoto, na ni kavu mno. Pua inakauka, ulimi unapoteza sehemu ya chumvi na sukari. Kunywa kwa raha zako, lakini usiandike.

Njia iliyo bora zaidi ya jiwe ni kuleta sampuli nyumbani na kuzionja pamoja. Nunua vichupa vya kioo vya mililita 30 au 50 kwenye duka la dawa, vile vya rangi ya kahawia, vipya. Visuuze kwa maji ya moto, vikauke. Wiski ijae hadi shingoni, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoibadilisha taratibu. Kizibo kizungushie ule utepe mweupe wa mafundi bomba, unaoujua kuliko mimi. Andika jina, asilimia na tarehe. Plastiki usiiguse. Kwenye ndege, wiski ya asilimia 40 mpaka 46 inaruhusiwa kwenye mzigo unaokwenda chini hadi lita 5 kwa abiria, lakini ikiwa kwenye chupa yake ya dukani, kwa hiyo kuhusu vichupa ulivyojaza mwenyewe uliza kwanza shirika la ndege. Forodha yetu nayo inakusamehe ushuru wa lita moja tu. Nyumbani visimamishe wima kabatini, mbali na jua. Chupa yenye kizibo cha gome usiilaze kama divai, pombe kali inakila kizibo.

Sasa meza yenyewe. Asubuhi, kabla hujanywa chai, wala hujapaka mafuta ya nywele. Ndani, dirisha limefungwa. Glasi ziwe na tumbo na mdomo uliobana, zile za Glencairn zilizotoka mwaka 2001 ni nzuri na zinaingia kwenye soksi safarini, lakini glasi ndogo za divai zinatosha. Bilauri pana ya hoteli inaachia harufu yote iende zake. Chupa ziwe zimekaa dakika chache kwenye beseni la maji yenye vipande vya barafu mpaka zifike nyuzijoto 20 hivi. Barafu ndani ya glasi hapana, inaganzisha ulimi na kuzima harufu. Jioni na rafiki zako weka upendavyo, sikukatazi.

Chombo ninachokithamini kuliko glasi ni bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Kwa bomba hilo unapima mililita 15 za kila wiski, na kwa hilohilo unapima maji. Waonjaji wa viwanda vya Uskoti wanaochanganya wiski hunusa wakiwa wameipunguza mpaka asilimia 20. Hesabu yake si ngumu. Kwa mililita 15 za wiski ya 40 unaongeza maji 15. Ya 43 inataka 17 na kidogo. Ya 46 inataka 19 na nusu. Hapo zote zimesimama kimo kimoja na hakuna inayojifanya bora kwa ukali tu. Anza kwa kunusa bila maji, kisha tia matone, kisha maliza kipimo. Wapo wanaoona kutia maji ni kuharibu. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman, watafiti wa Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba chembe za gwayakoli, ambazo ni sehemu ya ile harufu ya moshi, hupanda juu ya uso wa kinywaji kilevi kikiwa asilimia 45 au chini yake, na kikiwa juu ya 59 zinabaki zimezungukwa na pombe. Maana yake maji yanazileta mahali pua ilipo. Tumia maji yaleyale kwa glasi zote, na yanuse kwanza. Yakinuka klorini, badilisha.

Usionje zaidi ya nne kwa kikao, zenye moshi ziwe mwisho, na uteme. Pua ikichoka nusa mkono wako mwenyewe kwa ndani ya kiwiko, halafu rudi.

Umeuliza kidogo tu kuhusu maneno, ukasema unanakili ya Wazungu kwa kuwa huna yako. Hapa nataka nikae nawe. Hayo maneno yao ni ya jikoni kwao: keki ya Krismasi, maua ya milima yao, matunda usiyoyajua. Unanakili harufu ambayo hujawahi kuinusa, na kesho ukisoma daftari lako halikwambii kitu. Mtu aliyekulia Tanga ana ghala kubwa la harufu, na nyingi zimo ndani ya wiski kwa haki kabisa.

Chukua nazi. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya huko ambayo nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja halina kazi tena kwa bourbon, kwa hiyo mengi yanauzwa Uskoti. Mwaloni mweupe wa Marekani una kemikali inayonuka nazi waziwazi, na mti huohuo unatoa vanila. Kwa hiyo ukinusa wiski ya Uskoti ukasikia tui bubu, au kashata inayopoa kwenye sinia, hujakosea. Andika "kashata". Karafuu nayo: yujenoli, ile kemikali inayoifanya karafuu ya Pemba inuke karafuu, imo pia kwenye mwaloni uliochomwa. Ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa meusi, inatoka kwenye hamira wakati kimea kinachacha, na harufu yake ni ileile ya ndizi. Ganda la chungwa la Muheza ukilibana kidole kikarukiwa mafuta, utalikuta kwenye wiski nyingi nyepesi.

Moshi ndio unaogawa watu. Kusini mwa kisiwa cha Islay huko Uskoti, ambako kuna viwanda vya wiski vya Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa bwawani, uliojaa majani na mizizi ya kale, unaokatwa kama matofali na kukaushwa. Mzungu atakwambia hospitali na mwani. Mimi nilipoinusa mara ya kwanza niliona samaki wa kubanikwa pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, moto ukiwa wa makumbi na vifuu, halafu nyuma yake dawa ya kidonda. Gwayakoli niliyoitaja ipo kwenye samaki yule pia. Basi ugawe moshi wako: wa kumbi, wa kuni za mwembe, wa mkaa, wa ubani. Ni mioshi minne tofauti na unaijua yote.

Na kuna neno moja ambalo tumebarikiwa nalo, ukakasi. Ule unaoachwa na ndizi mbichi au bibo, ulimi ukawa kama umepakwa chokaa. Kwenye chai ndio niliokuwa nautafuta kila asubuhi. Kwenye wiski unatoka kwenye mbao, na ukizidi ujue pipa limemshinda mwenyewe. Tenga mstari wake daftarini, usiuchanganye na uchungu wala uchachu.

Kuhusu umri, usizipange wiski zako za nchi mbalimbali kwa miaka. Namba iliyo kwenye lebo ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo chupani, na miaka haifanyi kazi sawa kila mahali. Uskoti pipa linapoteza kwa mvuke asilimia kama mbili kwa mwaka. Bangalore, India, wanakotengeneza wiski ya Amrut, inapita kumi. Kwenye joto mbao zinatoa vilivyomo haraka. Ile Bain's uliyoonja Cape Town inatengenezwa Wellington, si mbali na hapo, kwenye joto ambalo Uskoti hawalijui. Usiidharau kwa kutoona namba kubwa. Rangi pia usiitazame sana, Uskoti wanaruhusiwa kutia karameli.

Sasa turudi kwenye chupa yako. Una mililita 50 za Glasgow na chupa ya Dar. Jumamosi asubuhi mwombe mkeo au rafiki akumiminie, wewe ukiwa chumba kingine. Kwanza ile ya 43 ishushwe hadi 40: kila mililita 10 aongeze maji robo tatu ya mililita, bomba dogo la mililita 1 litampimia. Zote ziwe joto moja. Aweke glasi tatu, mililita 10 kila moja: mbili za wiski moja, moja ya nyingine, na chini ya kila glasi abandike alama usiyoiona. Kazi yako si kusema ipi nzuri. Ni kuonyesha ipi iko peke yake. Mwambie afanye hivyo raundi nne kwa jumla: raundi moja aweke Glasgow mbili na Dar moja, zilizobaki Dar mbili na Glasgow moja, bila kukwambia ni ipi. Hapo kichupa chako kitakuwa kimekwisha sawasawa.

Kila raundi mtu anayekisia ana nafasi moja kati ya tatu. Kupatia raundi zote nne kwa kubahatisha ni nafasi moja kati ya 81. Ukizipatia zote, ndani ya chupa kuna tofauti ya kweli, na hapo una haki ya kuirudisha dukani na kuuliza. Ukipata mbili au pungufu, huna ushahidi kwamba wiski ni tofauti, na huenda lililobadilika ni lile joto la barazani na zile asilimia tatu. Ukipata tatu, niandikie kwanza kabla hujaenda dukani, unitajie joto la chumba, maji uliyotumia, na raundi uliyokosea ilikuwa ya ngapi.